Nyumba za Wahamiaji wa Mwanza, na Funzo Lake kwa Wanaushirika

Katika kijitabu cha kumbukumbu kama hiki, desturi ni kuhesabu mizani, maghala na malipo ya wanachama. Hesabu hizo zina kurasa zake, na ni haki kuzisoma kwa furaha. Lakini mwaka wa kumi wa chama kikuu wafaa pia kutumiwa kutazama jambo ambalo ushirika wa mwambao wa ziwa haujalitimiza bado, nalo ni makao ya mwanachama na ya watoto wake wanaohamia mjini. Mkulima aliyepata mizani ya haki kijijini aghalabu ana mtoto Mwanza, na mtoto huyo hutakiwa kodi ya chumba ya miezi sita mbele, au ya mwaka mzima, kabla hajatandika mkeka. Fedha hizo mara nyingi hutoka katika pamba ile ile iliyopimwa kwa haki. Basi kile ambacho ushirika ulimpa baba kwa mkono wa kuume, mji humpokonya mwana kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo lipo swali ambalo yatupasa kulijibu kwa historia kabla ya kulijibu kwa azimio. Kwa nini watu walewale waliojua kuungana ili kuuza pamba hawakuungana ili kujenga nyumba? Na je, wako waliofanya hivyo wakafaulu?

MJI ULIOJENGWA NA WAGENI

Wajerumani waliweka boma lao Mwanza mwaka 1892, penye ghuba iliyozungukwa na vilima vya mawe makubwa. Mji ulikua polepole mpaka reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928. Tangu hapo pamba ya Usukuma ilipata njia ya garimoshi kwenda Dar es Salaam, na meli za ziwani zikakutana na reli bandarini. Palipo na bandari na reli hapakosi kazi ya kubeba, kushona, kupika, kujenga na kuuza. Na penye kazi watu huja. Walikuja Wakerewe na Wakara kutoka visiwani, Wajita na Wajaluo kutoka upande wa Musoma, Wahaya kwa meli kutoka Bukoba, Wanyamwezi na Wamanyema kwa njia ya Tabora, pamoja na Wahindi na Waarabu wenye maduka. Hata Wasukuma, ambao nchi ni yao, walipoacha mashamba na kuingia mjini walikuwa wageni kama wengine, maana mjini hapakuwa na mwanangwa wa kumkatia mtu sehemu yake ya ardhi.

Serikali ya kikoloni iliigawa miji ya Tanganyika kwa rangi za watu, na Mwanza haikuachwa nyuma. Uzunguni kulikuwa penye upepo mwema wa ziwa, pande za Capri Point na Isamilo. Uhindini kulikuwa katikati, penye maduka na majengo ya mawe. Uswahilini kulikuwa kwa watu waliosalia, ambao ndio waliokuwa wengi. Huko Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba ya vifaa hafifu, akalipa ada ya kiwanja mwaka hata mwaka, naye hakuwa na hati ya muda mrefu mkononi. Alichokimiliki ni miti, udongo na bati. Nchi iliyokuwa chini yake haikuwa yake. Msomaji na alishike neno hili, kwa sababu ndilo mzizi wa mambo mengi yatakayofuata.

Sensa ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu wasiofika 20,000. Ya mwaka 1967 ilikuta karibu 35,000. Mwaka 1978, mipaka ikiwa imepanuliwa, walipita 110,000. Mwaka 2000 Mwanza ilipewa hadhi ya jiji, na katika sensa ya mwaka 2022 wilaya mbili za jiji hilo, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa pamoja na watu zaidi ya milioni 1.1. Hakuna serikali wala kampuni iliyowajengea nyumba watu hao wote. Sehemu kubwa ya mji huo ilijengwa na wahamiaji wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa akiba zao wenyewe.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Nyumba waliyoijenga yajulikana kwa kila mtu aliyekulia katika miji yetu. Ina mlango mmoja wa mbele, ukumbi mrefu katikati, na vyumba vitatu kila upande. Nyuma mna ua wenye jiko, mahali pa kuogea na choo. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Aghalabu haimaliziki kwa mwaka mmoja: vyumba viwili huezekwa kwanza, kodi ya kimoja ikanunua matofali ya cha tatu, na hivyo hivyo mpaka nyumba itimie. Mtaa wa Mabatini hata kwa jina lake watukumbusha kwamba bati lilikuwa alama ya mtu aliyepiga hatua.

Wataalamu wa mipango miji walizitazama nyumba hizo kwa miaka mingi kama kasoro ya kuondolewa. Lakini tukizitazama kwa jicho la mwanaushirika, twaona kwamba zilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Zilimpa mgeni wa juzi mahali pa kulala kwa fedha aliyo nayo. Zilimpa mjane mwenye nyumba riziki isiyokoma. Tena ziliwakalisha uani pamoja Mkerewe, Mhaya na Msukuma, wakachota maji pamoja na kuulizana hali asubuhi. Lugha ya Kiswahili iliwaunganisha, na misiba ikawaunganisha zaidi. Vyama vya kufa na kuzikana, vikundi vya watu wa kwao, upatu wa akina mama, misikiti na makanisa, vyote hivyo vilisimama mahali pa ukoo ulioachwa nyumbani.

Wala moyo wa kushirikiana haukuanza mjini. Usukuma ulikuwa na umoja wa vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, waliokwenda kumlimia mtu shamba kwa ngoma na nyimbo, naye akawalipa kwa chakula au kwa mali iliyoliwa kwa pamoja. Mtu aliyetoka katika desturi hiyo hahitaji kufundishwa maana ya ushirika. Alipofika mjini alikosa vitu viwili tu: ardhi ya pamoja ya kufanyia kazi, na chama chenye haki mbele ya sheria.

USHIRIKA WA PAMBA NA MPAKA WAKE

Mambo ya pamba yasimuliwa mara nyingi katika mikutano yetu, nami nitayapitia kwa ufupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walilalamika kwamba walipunjwa katika mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wa kuhakiki uzito, na kutoka jambo hilo dogo chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kikapata nguvu, Bwana Paul Bomani akiwa mbele. Vyama vya msingi vikaandikishwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi za VFCU. Kabla ya Uhuru shirikisho hilo lilikuwa likishughulikia pamba yote ya kanda hii kwa vyama vya msingi zaidi ya 300, nalo lilikuwa na vinu vyake vya kuchambulia. Watu wa nchi za mbali walikuja kulitazama, kwa kuwa ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa ulioanzishwa na Waafrika wenyewe.

Kwa nini basi nguvu hiyo haikuvuka ikaingia katika nyumba za Mabatini na Igogo? Naona sababu mbili. Ya kwanza, pamba ina msimu na ina mizani. Kila mwaka, siku ile ile, mkulima huona kwa macho yake faida ya chama au hasara ya kutokuwa nacho. Nyumba haina msimu. Huchukua miaka mingi kujengwa, na mtu aweza kuchoka kabla hajaona paa. Ya pili, mkulima alikuwa na shamba lililokubaliwa na kijiji chake, na juu ya shamba hilo ndipo chama kilipojengwa. Mpangaji wa mjini hakuwa na kitu cha kuweka msingi wake.

Tena historia ya ushirika wetu ina sura ya huzuni isiyofaa kufichwa, hata siku ya sherehe. Shirikisho lilipokua sana, lilikwenda mbali na macho ya wanachama. Malalamiko yalizidi, mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, mwaka 1967 Serikali ikatwaa uendeshaji wa shirikisho, na mwaka 1968 likageuka kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri, na sheria ya kuvirudisha ikatoka mwaka 1982. Yapo mabishano juu ya nani alikosea. Lakini jambo moja halibishaniwi: mwanachama asiyeona daftari la chama chake hawezi kukitetea siku ya taabu. Tukitaka kujenga nyumba kwa ushirika, onyo hilo ni letu mara mbili, kwa maana nyumba hudumu kuliko msimu wa pamba na fedha zake ni nyingi zaidi.

SERIKALI, BENKI NA VIWANJA

Baada ya Uhuru, Serikali haikukaa kimya. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza kubwa katika Dar es Salaam ilikuwa kubomoa nyumba mbovu, kama zile za Magomeni, na kujenga nyingine mahali pale pale. Nia ilikuwa njema. Lakini kila nyumba iliyobomolewa iliondoa vyumba sita vya kupanga, na fedha za kujenga hazikuweza kushindana na idadi ya watu walioingia mjini kila siku. Mwaka 1971 sheria ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hiyo iliwafaa wapangaji wa katikati ya miji, bali haikugusa vilima.

Mwaka 1972 Serikali iliacha siasa ya kubomoa. Ikakubali kwamba nyumba za wananchi ni mali ya taifa hata zikiwa duni, na kwamba afadhali kupeleka barabara, maji na mitaro mahali watu walipo, na kupima viwanja vipya kwa watakaokuja. Mpango wa viwanja na huduma ulianza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na katika awamu ya kwanza Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji mitatu, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya. Upande wa Nyakato ulipimwa viwanja, na Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1972 ikatazamiwa kuwakopesha wajenzi.

Mpango huo ulifunza mambo mawili. La kwanza ni jema: mahali palipopimwa kabla ya kujengwa pamebaki na njia, na maji na umeme vilipata pa kupita; miongo kadhaa baadaye nyumba zake zimekuwa bora kuliko za mahali palipojengwa kwanza na kurekebishwa baadaye. La pili lauma: katika Dar es Salaam viwanja vingi vilivyokusudiwa wenye kipato kidogo viliishia mikononi mwa wenye nacho. Maskini aliyepewa kiwanja peke yake alikuwa na deni, ugonjwa, karo za shule na mnunuzi mlangoni, akauza. Hakuna haja ya kumlaumu. Palipokosekana ni chama cha kumwambia, “Usiuze kwa mtu wa nje, sisi tutakurudishia haki yako, na kiwanja kitabaki kwa mwenzetu anayesubiri.” Benki ya Nyumba nayo ilishindwa kusimama, ikafungwa mwaka 1995. Mjenzi mdogo akarudi palepale, kwenye upatu na tofali moja moja.

MAJI MACHAFU NA UJIRANI

Wakati huo huo vilima vya Mwanza vilijaa nyumba mpaka kileleni. Atazamaye kutoka ziwani huona nyumba zimekaa juu ya mawe kama ndege, na huenda akasema ni nzuri. Anayekaa humo ajua mengine. Gari halipandi. Saruji na mchanga hubebwa kichwani, na gharama ya kubeba yaweza kukaribia gharama ya kununua. Choo cha shimo hakichimbiki katika jabali. Mvua kubwa inapokuja, uchafu wa juu huteremkia kwa jirani wa chini, kisha Mto Mirongo, kisha ziwa ambalo mji mzima hunywa maji yake. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba katika kilima hakuna nyumba ya mtu mmoja. Choo changu ni jambo la jirani yangu.

Suluhisho lililoletwa miaka ya karibuni na mamlaka ya maji ya jiji lafaa kufikiriwa na kila mwanaushirika. Katika mitaa kama Igogo, Kilimahewa na Mabatini yamelazwa mabomba membamba ya maji taka, yasiyochimbiwa chini sana, yakipita kati ya nyumba na nyumba na kuteremka kwa mwelekeo wa kilima. Bomba kubwa la barabarani lisingeweza kufika huko kwa kukosa barabara. Bomba jembamba laweza, lakini kwa sharti moja: kila mwenye nyumba akubali lipite uani pake, na majirani wakubaliane nani atafungua likiziba. Fundi aweza kuleta bomba, lakini kibali cha kupita uani hutolewa na watu wa uani. Mahali ambapo majirani walikuwa na mazoea ya kukutana, hata kama ni kwa ajili ya mazishi tu, mapatano kama hayo si mageni.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeruhusu makazi yaliyojengwa bila mpango kurasimishwa, na Mwanza imepima mitaa mingi ya namna hiyo na kutoa hati. Ni jambo jema, tena kubwa, kwa watu ambao babu zao walilipa ada ya kiwanja cha kuazima. Lakini hati ya mtu mmoja mmoja humlinda mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha nne, ambaye ndiye mhamiaji wa leo, hubaki vilevile, na huenda kodi ikapanda kwa kuwa nyumba sasa ina hati.

WALIOTUTANGULIA

Fikra ya kujenga nyumba kwa ushirika si ngeni, wala si ya kuazima kwa matajiri. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, ambao kila mwanafunzi wa ushirika hufundishwa habari zao, walipofungua duka lao mwaka 1844 waliandika katika malengo yao kwamba watajenga au kununua nyumba za kukaa wanachama. Duka la unga na siagi lilikuwa mlango wa kuingilia tu. Sisi tulichukua kutoka kwao mizani na gawio, tukaisahau nyumba.

Mfano mwingine ni wa wahamiaji hasa. Katika mtaa wa Sunset Park, Brooklyn, mjini New York, walikuwako wafanyakazi waliotoka Finland, wageni wa nchi na wa lugha, waliochoka kulipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Mwaka 1916 familia 16 kati yao ziliunganisha fedha na kujenga jengo lao wenyewe. Hawakulijenga ili wapate faida bali ili wakae kwa gharama iliyo halali, wakaliita Alku, maana yake Mwanzo. Majengo mengine ya namna hiyo yalifuata mtaani humo, pamoja na maduka ya ushirika. Jambo la kukumbuka ni kwamba hawakungoja wawe matajiri wala wawe wenyeji.

Karibu nasi upo mfano wa Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mnamo mwaka 2006 na miaka iliyofuata wakazi wengi wa Kurasini walitakiwa kuhama ili bandari ipanuliwe. Wenye nyumba walikuwa na madai ya fidia. Wapangaji hawakuwa na dai lolote. Miongoni mwao walikuwako wanachama wa vikundi vya akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini, wengi wao akina mama wanaoweka kiasi kidogo kila siku, wakisaidiwa na Kituo cha Mipango ya Jamii, shirika lisilo la faida. Hawa hawakuanza kwa kuomba nyumba. Walianza kwa kutafuta ardhi. Wakanunua ekari 30 Chamazi kwa shilingi milioni 24, wakaandikisha chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano, wakajadiliana na wakuu wa ardhi ili wakubaliwe viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida, wakakopa katika mfuko wa shirika la kimataifa la watu wa makazi duni, na wakajifunza kufyatua matofali yanayoshikana, ambayo hujengwa kwa saruji kidogo. Nyumba zao zilianza ndogo, zikipangwa ili ziongezwe baadaye. Maji taka yao huenda katika bwawa la majani la pamoja.

Na tuhesabu kidogo, maana ushirika ni hesabu. Milioni 24 kwa ekari 30 ni shilingi 800,000 kwa ekari. Tukikadiria kwamba ekari moja, baada ya kuacha njia, hutoa viwanja kumi vidogo, kila kiwanja kiligharimu shilingi 80,000 ya ardhi kabla ya upimaji na maji. Mtu mmoja hawezi kununua kiwanja kwa bei hiyo, kwa sababu hakuna anayemuuzia sehemu ya kumi ya ekari kwa bei ya shamba. Watu wengi pamoja waweza. Tofauti iliyopo kati ya bei ya shamba na bei ya kiwanja kilichopimwa ndiyo faida ambayo dalali huila. Chama kikinunua mapema, faida hiyo hubaki kwa wanachama. Ni jambo lile lile la mizani ya mwaka 1950 limevaa nguo nyingine.

Wala tusipambe. Kazi ya Chamazi ilikwenda polepole. Ni mbali na bandari na masoko ambako wakazi walipata riziki, na nauli hula sehemu ya kile kilichookolewa katika kodi. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa shida na mtu ambaye mapato yake ni ya siku kwa siku. Vyama vingine vya nyumba vilivyoanzishwa nchini tangu miaka ya 1970 vililala kwa kukosa ardhi au mkopo, na vichache tu vilijenga. Anayewaambia wanachama kwamba nyumba za ushirika ni rahisi huwadanganya.

FUNZO KWETU

Sasa twaweza kujibu swali letu la mwanzo. Wahamiaji wa Mwanza hawakukosa bidii, wala ujuzi wa kujenga, wala moyo wa kusaidiana. Nyumba zao ni ushahidi. Walikosa ardhi iliyo yao kwa pamoja. Kila mmoja alijenga peke yake juu ya nchi aliyoazimwa, na kwa sababu hiyo kila mmoja alisimama peke yake mbele ya mpimaji, mkopeshaji na mnunuzi. Waliofaulu, Brooklyn na Chamazi, walishika ardhi kwanza, wakaweka akiba kabla ya kujenga, kisha wakajenga.

Kwa chama kikuu chetu, kinachoingia mwaka wake wa kumi na moja, hili laweza kuwa shauri la vitendo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yatambua vyama vya nyumba, na yafaa chama cha namna hiyo kiandikishwe kwa jina lake na daftari lake, kisichanganywe na fedha za mazao. Mkulima asije akaamka asubuhi akakuta malipo ya pamba yake yamegeuka kuta za mtu mwingine. Wanachama wa vijijini wenye watoto mjini, na watoto hao wenyewe, waweke akiba humo kidogo kidogo. Ardhi itafutwe sasa, pande ambako mji unakwenda lakini bei bado ni ya shamba, na isiwe mbali mno na njia ya daladala. Ipimwe kabla ya tofali la kwanza. Hati iwe ya chama. Mwanachama awe na haki ya kukaa, kuongeza chumba na kurithisha. Akitaka kuondoka, arudishiwe alichoweka na haki yake irudi kwa chama. Wapangaji wasisahauliwe: chumba kimoja cha kupangisha katika kila nyumba, kwa kodi iliyokubaliwa na mkutano, kitampokea mhamiaji wa kesho kama vile nyumba ya vyumba sita ilivyompokea wa jana.

Na hesabu zisomwe hadharani. Ukaguzi wa hesabu ni wa lazima na una faida yake, lakini hautoshi. Daftari la akiba lisomwe kwa sauti katika mkutano wa wanachama, jina kwa jina, kama wapimaji wale wa kwanza walivyosoma uzito mbele ya mkulima mwenyewe. Shirikisho la zamani lilikuwa kubwa lilipoanguka. Kilichokuwa kimepungua ni sauti hiyo ya kusoma.

Ndugu wanachama, katika miaka hii kumi tumekutana kila msimu penye mizani. Watoto wetu wanapanda vilima vya Mwanza na vitambulisho vyao mfukoni na godoro kichwani, wakiuliza chumba. Wenye nyumba wa Mabatini na Igogo waliwapokea wazazi na jamaa zetu bila kuwa na hati wala benki. Sisi tuna chama, tuna sheria, na tuna historia ya kutuonya tulipokosea. Tukiingia mwaka wa ishirini bila kuwa na ekari hata moja kwa ajili yao, hatutaweza kusema kwamba hatukujua.